Nguzo Iliyosema Kweli

Usigeuze uso. Umeugeuza mara nyingi mno, shingo imeshazoea.

Habari ile uliisoma. Ilikuwa fupi, chini kabisa ya ukurasa, imebanwa kati ya tangazo la magodoro na matokeo ya mpira: kinyozi mmoja aliyekuwa akijiburudisha mtoni kwa mtumbwi wa plastiki alipuuza alama za njia, akaporomoka na maji, akafa. Ulisema "masikini", ukahamia kwenye mpira. Hukujiuliza ni mkono wa nani ulioliandika hilo neno "alipuuza". Kabla ya kinyozi kulikuwa na kile kivuko, wakasema abiria waliegemea upande mmoja. Kabla ya kivuko kulikuwa na lile ghorofa, wakasema wapangaji walipandisha makabati mazito. Siku zote maiti ndiye mshtakiwa wa kwanza, kwa kuwa maiti hakati rufaa. Safari hii wakamtafutia na mwenzake aliye hai: mwanamke mwenye mdomo mkali asiye na mjomba ofisini.

Mwanamke huyo ndiye Mama Kasia, mkodishaji wa mitumbwi ya kutembelea mtoni, na asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, goti lake bovu amelinyoosha mbele kama mtu aliyekuja kutembea. Mbele yake alisimama Inspekta ambaye kituo kizima kilimwita Kupe, kwa sababu akishika hang'oki. Jalada alilirithi jana yake jioni, mwenzake alipokwenda likizo, na aliambiwa jambo moja tu: atie sahihi.

"Saa nane mchana unasomewa shtaka," alisema Kupe. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Ukipatikana na hatia, hiyo mitumbwi yako utaisikia kwa wageni wanaokutembelea gerezani. Sasa niambie ukweli, mama. Uliandika kwamba ulisimama gatini ukimtazama marehemu mpaka akapotelea kwenye kona. Mlinzi wa gati anasema hukuwepo."

Mama Kasia akakodolea macho ukuta.

"Mmoja wenu anadanganya, na mlinzi sioni faida yake."

"Nilikuwa chooni."

"Wapi?"

"Chooni, mwanangu! Tumbo liliniendesha tangu alfajiri. Ulitaka niyaseme hayo mbele ya hakimu, wakwe zangu wamejipanga benchi la nyuma wananitazama?"

Mlangoni Koplo, jitu la watu lenye kicheko kisichoficha siri, alianza kukohoa.

"Cheka uishe, Koplo," alisema Kupe bila kugeuka. "Kabla ya tumbo, mama, ulimwambia nini kinyozi?"

"Ninachomwambia kila mtu. Ukishuka mto, nguzo nyekundu iweke mkono wako wa kushoto, nyeupe mkono wa kulia. Ndiyo kanuni ya njia nzima, ofisi ya njia ya maji imeibandika pale gatini. Nikamwambia arudie, maana watu huitikia 'ndiyo, ndiyo' kama kondoo. Akarudia kwa mbwembwe zake za kinyozi: 'Nyekundu sikio la kushoto, nyeupe sikio la kulia, mimi nanyoa katikati.' Tukacheka. Akaenda. Hakurudi." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Halafu mnaniambia alipuuza! Mtu anayekuzungushia wembe kooni, huyo ni mtu wa kupuuza?"

"Nguzo ya pale kisiwani, mto unapogawanyika, uliiona ina rangi gani?"

"Nisikudanganye tena. Walizisimika wiki ile ile, njia ikafunguliwa kwa utepe na hotuba. Mimi na goti hili mtumbwini siingii. Kinyozi ndiye mteja wangu wa kwanza tangu zisimame, na wa mwisho, maana siku hiyo hiyo wakaifunga njia."

Kupe akalifunga jalada. Ndani yake mlikuwa na picha tisa, zote za mahali maiti ilipopatikana, zilizopigwa na askari waliofika kwa gari. Kuhusu nguzo ya kisiwani palikuwa na sentensi moja tu, tena ya Meneja wa njia ya maji: ilikuwa nyekundu, inaonekana vizuri. Hakuna askari aliyekwenda kuitazama.

"Koplo, unajua kuogelea?"

"Afande, mimi na maji tunakutana kwenye beseni tu."

"Leo mtazoeana."

*

Waliuchukua mtumbwi wa watu wawili kutoka gati la juu, wakavaa majaketi ya kuelea, Kupe mbele, Koplo nyuma. Mto ulikuwa umeshuka na kutulia. Siku mbili baada ya maziko mvua kubwa ilinyesha, maji yakafura hadi kwenye mizizi ya miti ya ukingoni, kisha yakarudi chini, yakaacha kila kitu kimevaa tope hadi kifuani.

Punde mto ukagawanyika. Kisiwa chembamba kiliupasua mikono miwili. Mkono wa kulia ulikwenda polepole kwenye kivuli. Mkono wa kushoto ulikuwa mpana, unavutia, una jua. Na huko mbele yake ulionekana mstari ulionyooka kwenye maji, kama ukingo wa meza. Huo ndio ukuta wa saruji uliojengwa zamani kuinua maji ya kiwanda. Watu waliuita Mfinyanzi. Kutoka juu husikii kitu wala huoni hatari. Ukishavuka mstari ule, maji ya chini yanakuzungusha kama udongo kwenye gurudumu, wala hayakuachii.

Kwenye ncha ya kisiwa ilisimama nguzo. Nyekundu.

"Nyekundu sikio la kushoto," alisema Kupe.

"Basi tunapita kulia kwake. Kwenye kivuli." Koplo akashusha pumzi. "Afande, na tuseme haki. Hata kipofu angeiona hii. Inawaka kama mdomo wa bibi harusi. Kinyozi wa watu alikosea, Mungu amrehemu."

Kupe aliitazama ile nguzo mpaka shingo ikakataa, kisha wakaingia mkono wa kulia.

Hawakwenda mbali. Mbele yao, karibu na ukingo wa kushoto, mti mkubwa ulikuwa umelala majini, na kando yake imesimama nguzo nyingine. Nyeupe.

"Nyeupe sikio la kulia," alisema Kupe. "Pita kushoto kwake."

"Kushoto kwake kuna mti."

"Fuata kanuni, Koplo."

"Kanuni haina macho, Afande! Mti huo!"

"Piga kasia!"

Wakaingia matawini mzimamzima. Kofia ya Koplo ikabaki juu ya tawi kama kiota, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakamwagika mapajani, na Koplo akawaita mababu zake kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Walipojinasua, Kupe alikuwa na mchubuko shavuni na jambo kichwani.

"Twende kwenye inayofuata."

Iliyofuata ilikuwa nyekundu, imesimama kando ya mawe ya ukingo wa kulia. Wakaiweka sikio la kushoto kama kanuni ilivyosema, na kanuni ikawapeleka juu ya mawe, sakafu ya mtumbwi ikalia kama sufuria linalokwanguliwa ukoko. Iliyofuata tena, mambo ni yale yale. Nyekundu zote kuume, nyeupe zote kushotoni. Anayeshuka mto huo kwa kuitii kanuni yao hukumbatia kila kisiki kilichomo.

Kupe akaweka kasia magotini.

"Geuza mtumbwi, Koplo. Pua itazame tulikotoka."

Koplo akageuza, akihema.

"Nyekundu iko sikio gani sasa?"

Koplo akatazama nguzo iliyo mbele, akashika sikio lake mwenyewe kuhakikisha. "La kushoto."

"Na nyeupe?"

"La kulia." Mdomo ukabaki wazi. "Zimesimikwa na watu waliokuwa wakipandisha mto!"

"Wakitoka chini kwa injini. Kushoto waliyoandikiwa ni ya anayeshuka, wao wakatumia yao. Kila nguzo ya njia hii imekaa kinyume." Kupe akanyanyua kidole kuelekea kisiwani. "Isipokuwa moja. Katika mto mzima ni nguzo moja tu inayosema kweli, na ni ile iliyo mahali mtu alipokufa. Wewe fundi umekosea shati zima, umeweka vishikizo nyuma, halafu kimoja peke yake kikae mbele? Kilikaaje?"

"Kilihamishwa."

"Au kilipakwa rangi."

Akausogeza mtumbwi hadi kwenye nguzo iliyo karibu, akapitisha kiganja. Kuanzia kwenye maji hadi usawa wa kifua, nguzo ilikuwa imefungwa pete ya tope kavu, juu ya rangi. Tope la mafuriko.

"Ile ya kisiwani ilikuwa na pete hii?"

Koplo akafikiri. "Ilikuwa inawaka kama mdomo wa bibi harusi," alisema taratibu.

*

Mngurumo ulitangulia, kisha boti ya injini ikatokea upande wa chini. Ndani yake aliketi Meneja wa njia ya maji, viatu vimeng'arishwa, jaketi la kuelea amelikalia kama mto wa kiti. Alikuwa amepata habari kwamba polisi wako kwenye mto wake.

"Inspekta! Mngesema, ningewapitisha kwa heshima. Hiyo mitumbwi ni ya kuchezea. Na njia imefungwa, mnajua."

"Tusaidie basi, mheshimiwa. Tuvute hadi kisiwani, mikono imekufa ganzi."

Akawavuta, akifurahi kama mwenye nyumba anayeonyesha bustani. Kupe alihamia botini, akaketi karibu naye.

"Hapa mnakagua kila wiki?"

"Kila wiki. Mimi mwenyewe."

"Mnaanzia wapi?"

"Gati la chini, ofisi si iko huko? Tunapandisha, tunatazama nguzo, tunarudi mbio. Asubuhi hii nimeshazipitia. Zote sawasawa."

"Na hawa mafundi waliosimika, walianzia wapi?"

"Hapo hapo. Nguzo zilikuwa stoo kwetu."

"Wewe umewahi kushuka mto huu kwa kasia?"

Meneja akacheka, akaonyesha viatu. "Na hivi?"

Njia imechorwa kwa ajili ya watu wa kasia, ikasimikwa na watu wa injini, inakaguliwa na mtu wa viatu. Usinambie hujawahi kuona kazi ya namna hiyo. Umeiona barabara ya waenda kwa miguu iliyopimwa na mtu aliye garini, ukairuka mitaro yake, ukanyamaza.

Kisiwani Kupe akashuka, maji ya magoti. Picha kwanza, mkono baadaye: akaipiga nguzo pande zote, na Koplo akiwa kando yake kuonyesha kimo. Pete ya tope haikuwepo. Nyekundu ilianzia juu ikashuka laini hadi kwenye maji.

"Mheshimiwa, siku kinyozi alipokufa nguzo hii ilikuwa na rangi gani?"

"Nyekundu. Nimeandika, mnayo."

"Imeguswa na mtu tangu siku hiyo?"

"Hakuna aliyeigusa."

"Umesikia, Koplo?"

"Kwa masikio yote mawili, Afande. La kushoto na la kulia."

Kupe akatoa kisu kidogo, akakwangua sehemu ya usawa wa kiuno, taratibu, kama anayemenya viazi kwa wageni wengi. Nyekundu ikabanduka kama ganda. Chini yake likatoka vumbi la kahawia, tope kavu. Akakwangua tope. Chini ya tope palikuwa peupe.

Koplo alipiga picha bila kuambiwa.

"Nyeupe chini, tope katikati, nyekundu juu," alisema Kupe. "Tope lililetwa na mafuriko, na mafuriko yalikuja kinyozi yuko kaburini. Mliipaka baada ya hapo, tena kwa haraka, hata kuiosha hamkuiosha. Siku ile kinyozi alikuta nyeupe. Nyeupe sikio la kulia. Akapita kushoto kwake kama mlivyomwamuru, akaenda moja kwa moja kwa Mfinyanzi. Mtu huyo hakupuuza kitu. Aliwatii."

Meneja akaangalia viatu vyake. "Tulirekebisha kwa ajili ya usalama. Kosa la fundi, nguzo moja, tukarekebisha. Hilo ni kosa la jinai?"

"Kurekebisha si kosa. Kuandika kwamba ilikuwa nyekundu siku ile, mama wa watu akalala mahabusu kwa maandishi yako, hilo utalieleza. Na si nguzo moja."

"Nyingine zote ziko sawa! Nimekwambia nimezipitia asubuhi..."

"Ukipandisha."

Meneja akageuka akatazama mto unakokwenda. Akatazama unakotoka. Akanyanyua mkono wa kushoto kidogo, kisha wa kulia, kama mtoto anayejifunza kuvaa ndara. Polepole rangi ikamtoka usoni, na hakuna aliyemkwangua.

"Jumamosi tunafungua tena," alisema kwa sauti ndogo. "Shule tatu zimeshajiandikisha."

"Hamfungui."

Alichofanya baadaye ni kile wanachofanya wote. Alitoa simu, akampigia mtu, akaongea pembeni kwa unyenyekevu, kisha akamletea Kupe simu ile. Sikioni alikuwa Mkuu wa kituo.

"Kupe. Mwachie huyo bwana mto wake, urudi. Jalada limekamilika."

"Afande, nguzo ilipakwa rangi baada ya kifo. Ninayo hapa."

"Njia hiyo ilifunguliwa na wakubwa, unanielewa? Walikata utepe. Hatuwezi kwenda kuwaambia walikata utepe wa machinjio."

"Wasipoambiwa na sisi, wataambiwa na watoto wa shule."

"Rudi kituoni. Hiyo ni amri."

"Nitarudi, Afande. Nikitoka mahakamani."

"Basi gari ninaliita sasa hivi. Utatembea."

"Miguu si mali ya kituo," alisema Kupe, akamrudishia Meneja simu yake, ikiwa bado inafoka.

Akamgeukia Koplo. "Wewe una watoto wanne. Ukirudi sasa sitakulaumu. Nitasema nilikuwa peke yangu."

Koplo akavua shati la sare, akabaki na fulana iliyotoboka kwapani. "Nimeacha kofia juu ya mti kwa ajili ya kesi hii," alisema. "Nirudi kuwaambia nini? Nipishe."

Akaikumbatia nguzo kama mpiga mieleka. Iliyosimikwa kwa haraka hung'oka kwa haraka: aliisukuma huku, akaivuta kule, tope likafyonza, likakoroma, likaachia. Njia ilikuwa imefungwa, lakini mto hauna mlango. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Kupe alichukua kamba ya boti, akaifunga kutoka kwenye mti wa kisiwani hadi ng'ambo ya mkono wa kushoto, na katikati akatundika shati la Koplo.

"Kamba yangu hiyo!" alilalamika Meneja.

"Ni kielelezo. Uje mahakamani uidai."

Waliilaza nguzo juu ya mtumbwi isiguse maji, wamepafunika pale palipokwanguliwa kwa koti la mvua, wakaikokota ukingoni hadi gati la juu. Gari la polisi halikuwepo tena. Wakaibeba begani, Kupe mbele, Koplo nyuma, wakaingia mjini kwa barabara ya maduka. Mafundi viatu waliacha nyundo hewani. Mbele ya duka la kinyozi mmoja mteja alitoka nje na povu la sabuni kwenye shavu. Mtu akapiga kelele, "Polisi mmehamia biashara ya mbao?" Koplo akajibu, "Tunauza ukweli, bei ya jumla!" Watu wakacheka. Kisha wakaanza kuwafuata.

Lango la mahakama limefungwa. Mkuu wa kituo amelisimamia mwenyewe, mikono nyuma, askari wawili kando yake.

"Mti huo hauingii hapa."

"Ni kielelezo, Afande. Kizuie mbele ya watu wote hawa, na wenyewe watakuwa mashahidi wa hilo."

"Watu gani? Hawa?" Mkuu akautupia macho umati. "Hawa wamekuja kuangalia. Wakichoka watakwenda zao. Ninawajua."

Kutoka dirishani karani anaita shauri. Sauti ya Mama Kasia inajibu "Nipo", kali kama kawaida yake, halafu inakatika katikati.

Na wewe upo hapa. Usiangalie nyuma yako, ninasema na wewe. Umefuata tangu barabara ya maduka, umenyanyua simu, unapiga picha. Mkuu amesema anakujua. Anakujua kwa kivuko, anakujua kwa ghorofa, na anangoja uchoke kama ulivyochoka siku zile. Shati la Koplo liko mtoni, bega lake linavuja damu, na nguzo ni nzito kwa watu wawili. Kule ndani wanaanza kusoma shtaka. Rudisha simu mfukoni. Sogea, pita mbele ya huyo aliyekuziba, ingiza bega lako hapa katikati. Lango hili ni bati tu. Beba. Sukuma!